Nani atabaki na mzee? Kisa cha Nader na Simin

Filamu ya Mwirani Asghar Farhadi kuhusu Nader na Simin inaanza na mashine ya fotokopi. Pasipoti, vitambulisho, cheti cha ndoa: kimoja kinalazwa juu ya kioo, mwanga unapita chini yake, kinaondolewa, kinakuja kingine. Halafu tunawaona mke na mume wamekaa mbele ya hakimu. Hakimu mwenyewe hatumwoni, tunasikia sauti yake tu, kwa hiyo wanandoa hao wanatutazama sisi, kana kwamba kesi imeletwa kwetu.

Simin ni mwalimu. Anataka kuhama nchi, viza imepatikana baada ya kuihangaikia muda mrefu, na imebakiza siku 40. Mumewe Nader anafanya kazi benki. Si mlevi, hampigi mkewe, na Simin mwenyewe anakiri kwamba ni mtu mwema. Tatizo ni baba yake Nader, mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer. Nader hawezi kumwacha. Simin anasema mzee hata hajui kuwa huyu ni mwanawe. Nader anajibu kuwa yeye anajua kuwa yule ni baba yake.

Hakimu anauliza binti yao ana ubaya gani akikulia hapahapa. Simin anasema hangependa akulie katika hali hii. Hali gani, anauliza hakimu. Simin ananyamaza.

Wachambuzi wengi wa nje huanzia kwenye ukimya huo, na siwalaumu. Uchaguzi wa Juni 2009 ulikuwa umewatoa watu barabarani Tehran, wengi walikamatwa, na filamu hii ilipigwa mwaka uliofuata. Lakini ukikaa hapo sana utaikosa Iran yenyewe. Mimi naanzia kwa mzee, kwa sababu yeye ndiye anayesukuma kila kitu kinachofuata, na kwa sababu swali lake ni la kawaida kabisa: Simin akiondoka, Nader akaenda benki na binti akaenda shule, mzee atabaki na nani?

Jina la filamu kwa Kifarsi ni Jodaeiye Nader az Simin, yaani kutengana kwa Nader na Simin. Mwandishi na mwongozaji wake ni Asghar Farhadi, mzaliwa wa 1972 wa mkoa wa Isfahan, aliyesomea tamthilia Chuo Kikuu cha Tehran. Ilitoka mwaka 2011. Angalia kwamba hakutumia neno talaq, ambalo Wairani wanalo kama tulivyo nalo sisi. Jodaei ni kuachana kwa mtu na mtu, hata kama karatasi hazijaandikwa.

Simu ya Razieh

Anaajiriwa Razieh. Anatoka pembezoni mwa mji, safari ndefu ya basi asubuhi na jioni, akiwa na binti yake mdogo Somayeh kwa kuwa hana pa kumwacha. Ana mimba, chini ya chadori nyeusi haionekani vizuri. Mumewe Hojjat, fundi viatu, amepoteza kazi na wadai wanamwandama. Mume hajui kwamba mkewe anafanya kazi hii. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba ngapi zetu za mjini zinasimama kwa ajili ya dada wa kazi ambaye jina la babake hatulijui?

Siku ya kwanza tu mzee anajikojolea. Razieh anamwambia aingie bafuni ajibadilishe mwenyewe. Mzee hawezi, amesimama tu. Razieh ni mwanamke mshika dini, mzee si maharimu wake, yaani si ndugu wa karibu asiyeweza kuoana naye, na hapa anatakiwa amvue nguo. Anachukua simu. Anapiga kwenye ofisi inayojibu maswali ya kisheria ya dini, kwa kuwa Mshia hufuata fatwa za mwanachuoni mmoja, marjaa, na ofisi za namna hiyo hupokea maswali ya watu kila siku. Anaeleza: mzee hajiwezi, amejichafua, nyumbani hakuna mwingine, nikimbadilisha nitaandikiwa dhambi? Anapata ruhusa, kwa kuwa ni dharura. Anavaa glavu. Somayeh, ambaye amekuwa akisikiliza yote, anamwambia mama yake kwamba hatamwambia baba.

Ningeulizwa nichague dakika mbili za sinema nimwonyeshe mtu anayetaka kujua jamii ya Iran imehama kutoka wapi kwenda wapi, ningechagua hizo. Zamani mzee kama huyu angehudumiwa na mwanawe wa kiume, au na mke wa mzee, au na binti, wote maharimu, ndani ya nyumba moja kubwa iliyojaa watu. Swali la Razieh lisingekuwepo. Limezuka kwa sababu kumtunza mzee kumekuwa ajira, na ajira hiyo imempata mtu ambaye dini yake haikuwa imemwandaa kwa chumba hicho. Mwanamke wa tabaka la chini anaingia kwenye nyumba ya tabaka la kati, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni uchi wa baba wa mtu mwingine.

Takwimu zinaeleza jambo hilohilo kwa njia yake. Sensa ya 1976 ilihesabu Wairani wapatao milioni 33.7, na chini ya nusu yao waliishi mijini. Ile ya 2011, mwaka uleule wa filamu, ilihesabu takriban milioni 75, na zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa watu wa mjini. Katikati ya miaka ya 1980 mwanamke wa Kiirani alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamebaki 2 hivi. Mwaka 1976 karibu wanawake wawili kati ya watatu hawakujua kusoma; mwaka 2006 wanaojua walikuwa karibu wanne kati ya watano, na wasichana walikuwa wameshawapita wavulana kwa idadi ya wanaoingia vyuo vikuu. Termeh ni mtoto pekee wa Nader na Simin. Akija kuzeeka Nader, hakutakuwa na kaka wa kugawana naye mzigo.

Lakini kuna takwimu moja inayokaidi mwelekeo huo: pamoja na elimu yote hiyo, wanawake walio kwenye soko la ajira walibaki chini ya asilimia 20. Simin mwalimu ni mmoja wa wachache hao. Na Razieh, anayefanya kazi kwa siri bila mkataba, sidhani kama kuna sensa ingemwona.

Dhamana

Mapumziko kidogo. Kuna kipande kifupi ambacho mtazamaji wa Kizungu hukipita bila kukiona, ila sisi kinatugusa. Nader anamsaidia Termeh kusoma. Mtoto ana orodha ya maneno ya kigeni na anatakiwa ataje neno la Kifarsi. Linakuja neno garanti. Termeh anasema zemanat. Hilo ni la Kiarabu, anasema baba, andika poshtvaneh. Mtoto analalamika kwamba mwalimu atamkata alama. Baba anasema kosa ni kosa, yeyote aliyelisema na popote lilipoandikwa.

Zemanat, bila shaka umeshaisikia, ni dhamana yetu. Ugomvi huo wa kufukuza Kiarabu kwenye lugha tunaujua pia. Ila Farhadi hakuuweka kwa ajili ya wanaisimu. Ameuweka ili tumjue Nader kama mtu wa msimamo, baba anayemfundisha binti asimame na ukweli hata kwa gharama ya alama. Kwenye kituo cha mafuta alishamwamuru ashuke ajaze gari mwenyewe, kisha arudi akadai bakshishi kwa kuwa kazi kaifanya yeye. Msichana wa Tehran analelewa adai haki yake mbele ya wanaume. Shika hilo, kwa sababu baadaye msichana huyohuyo atasimama mbele ya hakimu aseme uongo ili kumwokoa baba huyohuyo.

Ngazini, na baada ya ngazi

Siku moja Nader anarudi nyumbani na kukuta mlango umefungwa, Razieh hayupo, mzee yuko sakafuni, mkono umefungwa kitandani. Tena kuna pesa zimepungua kwenye droo. (Simin ndiye aliyezichukua, akawalipa wabeba piano waliodai nyongeza ya ghorofa. Hilo mtazamaji anaweza kulikumbuka, Nader hajui.) Razieh anarudi. Nader anamwita mwizi na kumsukuma nje. Mimba inaharibika.

Kuanzia hapo ni mahakama, na hapa sheria ya Iran ndiyo inayozungusha gurudumu. Kwa fiqhi, mimba iliyovuka miezi minne imeshapuliziwa roho, na ya Razieh ilikuwa imevuka. Kwa hiyo Nader anashtakiwa kwa kuua mtu. Swali kubwa linakuwa moja: alijua kuwa ana mimba au hakujua? Alijua. Alisikia maneno ya jikoni kati ya Razieh na mwalimu wa Termeh. Akikubali, anaingia gerezani, na mzee abaki na nani? Anakana. Termeh anamgundua. Nader anamwambia ukitaka nitakwenda niseme kweli, uamuzi ni wako. Mtu mzima anambebesha mtoto mzigo huo kwa sauti ya upole kabisa, na kwangu huo ndio ukatili mkubwa kuliko yote kwenye filamu.

Upande wa pili kuna dia, fidia ya damu. Familia za pande mbili zikielewana, fedha inalipwa na kesi inaisha. Hojjat anaihitaji fedha hiyo awalipe wadai. Simin anasimamia mapatano, watu wanakusanyika nyumbani kwa Razieh, wadai wamekaa palepale sebuleni, Nader ameshaandika hundi. Halafu anatoa ombi moja. Razieh alete msahafu, aape kwamba ni yeye Nader aliyesababisha.

Razieh hawezi. Siku moja kabla ya kusukumwa alikimbilia barabarani kumfuata mzee aliyetoka nje, gari likamgonga. Hana hakika kilichomwua mtoto ni nini, na anaamini fedha ya haramu ikiingia nyumbani itamdhuru Somayeh. Mumewe anamsihi aape, dhambi ataibeba yeye. Anakataa. Hojjat anajipiga makofi, anatoka nje na kuvunja kioo cha gari la Nader.

Ndiyo maana siikubali ile tafsiri iliyozagaa kwamba huu ni mgongano wa wasomi wa kisasa na washika dini. Hesabu walivyosema uongo. Msomi anayesahihisha neno la mwalimu alidanganya mahakamani, na binti yake akadanganya baada yake. Mshika dini aliyeficha ajira yake kwa mumewe, aliyemfunga mzee kitandani, alipofika kwenye msahafu alisimama, na akapoteza kila kitu. Uongo wa Nader uliwezekana kwa sababu ana benki, ana dhamana, ana jirani na mwalimu wa kumtetea. Tofauti iliyopanuka Iran kwenye miaka hiyo, kwa jinsi ninavyoisoma filamu hii, ni ya nani ana mto wa kuangukia. Mtandio wa Simin uliolegea na chadori ya Razieh ni alama ya nje tu.

Na tusisahau kesi ya kwanza. Mwanamke aliyeolewa Iran anahitaji ridhaa ya mumewe ili apate pasipoti, na mtoto hasafiri bila idhini ya baba. Nader yuko tayari kutoa talaka. Anachokataa ni kumwachia Termeh aende, na kukataa huko kunatosha kuizima viza yote. Kuhusu malezi, tangu 2003 mama hupewa kipaumbele mpaka mtoto afike miaka 7. Msichana akitimiza miaka 9 ya mwezi mwandamo anahesabiwa amebalehe, na anachagua mwenyewe akae na nani. Watazamaji wengi wa nje walidhani hakimu wa mwisho ni mkatili wa kubuniwa anapomuuliza mtoto wa miaka 11 anamtaka nani. Anafuata sheria. Termeh anasema ameshaamua, machozi yanamtoka, wazazi wanaombwa watoke. Wanakaa kwenye baraza la mahakama, huyu huku, yule kule, mlango wa kioo katikati, wote wamevaa nyeusi. Majina ya waigizaji yanapita, na jibu hatupewi. Anayeigiza Termeh ni Sarina, binti wa Farhadi mwenyewe.

Vibali

Filamu Iran inahitaji kibali cha kupigwa na, ikikamilika, kibali kingine cha kuonyeshwa, vyote kutoka Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu, ambayo watu wa fani huiita Ershad tu. Septemba 2010, katikati ya upigaji picha, Farhadi alinyang'anywa kibali cha kwanza kwa sababu alipokuwa akipokea tuzo alisema anatamani kuwaona wenzake Mohsen Makhmalbaf, aliyekuwa uhamishoni, na Jafar Panahi, aliyekuwa matatani na dola, wakirudi kwenye kazi. Alitoa ufafanuzi na kuomba radhi, kazi ikaendelea. Desemba mwaka huohuo Panahi alihukumiwa kifungo cha miaka 6 na marufuku ya miaka 20 ya kutengeneza filamu. Februari 2011 tamasha la Berlin lilimwachia kiti kitupu kwenye jopo la majaji, na jopo hilohilo lenye kiti kitupu likaipa filamu ya Farhadi Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha. Waigizaji wake wanawake walipata Dubu wa Fedha kwa pamoja, na wanaume vilevile.

Nyumbani iliingia kumbini wakati wa Nowruz, mwaka mpya wa Kiirani, ambao jina lake na mizizi yake wanaijua watu wa Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Msimu uleule ilitoka sehemu ya tatu ya vichekesho vya Masoud Dehnamaki, mtu wa upande wa wahafidhina, na watu wa Tehran wakaanza kuzihesabu tiketi za filamu hizi mbili kama kura. Wahafidhina wana neno kwa filamu zinazopendwa nje: siah-namayi, kupaka picha weusi, kuianika aibu ya nyumbani ili kuwafurahisha wageni. Farhadi alipakwa hilo. Lakini Februari 2012 aliposhinda Oscar, ya kwanza kwa Iran, akiwemo mpinzani kutoka Israeli, vyombo vya dola vilishangilia ushindi dhidi ya Israeli. Wiki chache baadaye hafla ya wanasinema ya kumpongeza Tehran ilizuiwa.

Filamu hii ni kioo cha Iran, ila kioo hiki kina mahali kilipotiwa ukungu, na si vizuri kulifumbia macho hilo. Baada ya mapinduzi ya 1979 kanuni ikawa kwamba mwigizaji wa kike hufunika nywele hata anapoigiza yuko nyumbani kwake na mumewe na watoto, kwa kuwa watazamaji si maharimu zake. Wala mume hamgusi mke. Kwa hiyo Simin yuko jikoni kwake na mtandio kichwani, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Iran anayelifanya akiwa na mumewe na mwanawe tu. Farhadi ni fundi, aliijenga filamu ili mkanganyiko huo usisumbue: mlango uko wazi daima, jirani anaingia, mtu anatoka, kila mtu yuko njiani. Ustadi huo unasifiwa, nami nausifu, ila tusidhani tumeona sebule ya Tehran ilivyo. Tumeona sebule ilivyopangwa ili ipite Ershad.

Termeh wa 2011 alikuwa na miaka 11. Ukimhesabia, Septemba 2022 angekuwa na 22, umri wa Mahsa Amini alipofia mikononi mwa dola baada ya kukamatwa Tehran kwa sababu ya hijabu. Novemba mwaka huo Taraneh Alidoosti, aliyeigiza kwenye filamu kadhaa za Farhadi, aliweka picha yake mtandaoni akiwa kichwa wazi. Desemba alikamatwa, akatolewa Januari 2023.

Mwaka uliofuata, 2024, Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha walipeleka Berlin filamu ya mjane wa miaka 70 anayeishi peke yake Tehran, anayempikia mgeni wa kiume, anayekaa kwenye sebule yake mwenyewe bila kitambaa kichwani, kama anavyokaa mwanamke yeyote nyumbani kwake. Waigizaji wakuu wawili walifika Berlin. Waongozaji hawakufika, pasipoti zao zilikuwa zimechukuliwa.